Msako wa Mabeberu wa Mbugani

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Ramani zilikusanywa zikachomwa mwaka ule ilipogunduliwa kwamba jirani zetu wote wamechorwa wakubwa kuliko sisi. Tangu hapo kila raia huambiwa na mwalimu wake wa darasa la kwanza jinsi nchi ilivyo kubwa, naye huamini. Mimi pia naamini. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani ninasimulia kwa ubaya. Mimi naisifu serikali. Mkikuta mahali ambapo sifa hazikukaa vizuri, mjue kosa ni la kalamu.

Mambo yalianza Siku ya Uhuru, katikati ya kiangazi. Baba Mlezi, maana hilo ndilo jina rasmi la Mkuu wetu wa Nchi, alipanda jukwaani akiwa amekasirika. Alikuwa na Ikulu ya masika na Ikulu ya kiangazi, lakini hakuwa na pa kukaa zile wiki ambazo masika yameisha na kiangazi hakijaanza. Alikuwa ameomba mkopo ng'ambo ili ajenge ya tatu, nao wenye fedha wakamnyima.

"Mabeberu!" akanguruma, na vipaza sauti vikapiga mluzi. "Mabeberu wametuzoea! Naagiza kila mkuu wa jimbo awasake, awakamate, aniletee taarifa. Sitaki kuona beberu anarandaranda katika nchi hii!"

Kila mtu uwanjani alielewa ni mabeberu gani wanaosemwa. Hata Mheshimiwa Kasole, Mkuu wa Jimbo la Mbugani, alielewa. Nalisisitiza hili kwa sababu baadaye walitokea watu wenye midomo wakasema mheshimiwa alisinzia akasikia vibaya. Hakusinzia. Alisikia vizuri sana, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia.

Mbugani ni jimbo la vumbi, miiba na mbuzi. Wiki hiyo hiyo taarifa za wakuu wenzake zilianza kusomwa redioni. Jimbo la Bandarini lilikuwa limekamata mabaharia wa meli nzima. Jimbo la Milimani lilikuwa limekamata padri mzee wa miwani minene, pamoja na mtalii aliyekutwa akipiga picha ndege mtini, ikathibitika kwamba ndege wale ni wa serikali. Lakini Mbugani hakukuwa na mgeni hata wa dawa. Wa mwisho, mtaalamu wa visima, aliondoka miaka mingi nyuma kwa haraka iliyomfanya asahau viatu. Kasole alikaa ofisini akiutazama ukuta. Mkuu wa jimbo asiye na taarifa hufutwa kazi, na akifutwa kazi hurudi kijijini kwake kulima, jambo ambalo viongozi wetu hulihimiza sana kwa wengine.

Ndipo dirishani pakapita beberu. Alikuwa na ndevu, pembe na harufu yake yote. Akasimama, akamtazama mheshimiwa, akaendelea na safari.

Kasole akaagiza aitwe bwana mifugo wa jimbo, Daktari Yoronimo.

"Daktari, jimbo hili lina mabeberu wangapi?"

"Wa aina gani, mheshimiwa?"

"Wewe ni daktari wa nini?"

"Wa mifugo."

"Basi nijibu kama daktari wa mifugo."

Yoronimo alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani anapoogopa. Alilelewa na dada yake mkubwa, Nyemo, baada ya wazazi wao kufariki. Nyemo hakusoma. Aliuza mbuzi muhula baada ya muhula mpaka mdogo wake akafika chuo kikuu, ambako alifundishwa habari za mbuzi. Alirudi Mbugani na cheti, akaajiriwa, akanyamaza. Watu walimpenda, kwa kuwa alikuwa akija usiku wa mvua mbuzi anaposhindwa kuzaa, na hakudai chochote.

Siku ile alisafisha miwani, akasema, "Mheshimiwa, tukiwaondoa madume, majike hawatazaa."

"Nani hapa amezungumzia kuzaa?" akauliza Kasole. "Tunazungumzia usalama wa taifa."

*

Msako ulifanywa na mgambo kwa kamba na virungu. Watu walijaribu kuwaficha madume wao chini ya vitanda, ndani ya maghala, hata kwenye chumba cha maombi cha kanisa moja. Lakini beberu hafichiki. Unaweza kumfunga mdomo asilie, ila harufu yake itatoka yenyewe iende kituoni kujisalimisha. Wale waliokwisha kuhasiwa waliachwa. Ilielezwa kwamba wao wamejirekebisha.

Nyemo alikuwa na dume mmoja mkubwa mweusi, Jemadari kwa jina, na kwa sababu ya jina hilo aliandikiwa kosa la pili, la kujipa cheo cha jeshi. Walipomtoa zizini, Nyemo aliwauliza mgambo, "Jamani, amefanya nini?"

"Anainyonya nchi," akajibu kiongozi wao.

"Huyu? Huyu aliacha kunyonya zamani."

Hawakucheka. Walikuwa na njaa, na walikuwa wamekwisha kuchagua ni nani kati ya mabeberu waliokamatwa siku hiyo atakayejaribu kutoroka akauawa. Waliojaribu kutoroka walikuwa wengi mno msimu ule, na supu ya kantini ya polisi ikasifika mpaka majimbo ya jirani.

Waliobaki walifungiwa katika jengo la hospitali ya rufaa, ng'ambo ya kilima, mbali na vijiji. Hospitali hiyo ilikuwa ikijengwa tangu nikiwa shule, na hao ndio wagonjwa wake wa kwanza. Madume wazee waliwekwa wodi ya upasuaji. Karani alipita akiwahoji mmoja mmoja, akaandika kwamba wote wamekataa kutaja waliowatuma.

Jioni moja redio ikatangaza: Jimbo la Mbugani limeongoza nchi nzima, limekamata mabeberu elfu nne. Baba Mlezi mwenyewe alipiga simu. Alimwambia Kasole kwamba hakujua maadui walikuwa wamejazana kiasi hicho kule nyikani, na akamtunuku nishani. Tangu dakika ile hakuna mtu katika nchi yetu aliyeweza kusema kwamba wale ni mbuzi. Angesemaje, na nishani imekwisha kuvaliwa?

*

Mwaka huo wa kwanza haukuwa mbaya. Mbuzi wa Mbugani wana majira yao. Mvua zinapokatika, majani yamekomaa na majike wana nyama mgongoni, ndipo hutaka dume. Hubeba mimba miezi mitano ya ukavu, na mvua za kwanza zinapoanguka mwezi wa kumi na moja huzaa, majani machanga yakiwa yameanza kuchomoza. Msako uliwakuta wengi wameshabeba. Wakazaa vizuri, maziwa yakawepo, watu wakasahau.

Vitoto vya kiume vya mbuzi vilihasiwa vyote kwa amri ya jimbo, ili ubeberu usirithiwe. Aliyeshika koleo la kuhasia alikuwa Yoronimo. Alipita kijiji kwa kijiji. Kwa dada yake alifika asubuhi, akafanya kazi yake bila kuinua uso, na Nyemo akamshikia vitoto kimoja kimoja, kisha akampa uji.

"Ni ya muda tu, dada," akasema.

"Kunywa uji," akajibu Nyemo.

Mwaka wa pili mvua zilipokatika, majike wakaanza kulia kama ilivyo kawaida. Walitingisha mikia, wakapandana wao kwa wao, wakasimama kwenye miiba ya zizi wakiuelekeza uso kule unakotoka upepo. Upepo haukuleta kitu. Baada ya siku kadhaa walinyamaza, wakarudia tena majuma matatu baadaye, kwa sauti ndogo zaidi, kisha wakanyamaza moja kwa moja. Nyemo aliniambia mimi mwenyewe kwamba katika umri wake wote hakuwahi kuogopa kitu kama ukimya ule. Walikula na kunenepa, lakini walikuwa kama watu walioacha kusubiri barua.

Mvua zikaja, majani yakaota mpaka magotini, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyezaa. Viwele vikakauka. Watoto wa Mbugani, ambao uji wao ni wa maziwa, wakaanza kuwa na matumbo makubwa na nywele za rangi ya kutu. Mama mmoja alimpeleka mtoto wake ofisini kwa mkuu wa jimbo ili amwonyeshe. Mheshimiwa Kasole akakipapasa kichwa cha mtoto, akasema kwamba Mbugani inaendelea kwa kasi, maana nywele za rangi hiyo mjini watu huzilipia saluni.

*

Hata hivyo serikali haikulala. Iliundwa Tume ya Kuchunguza Mgomo wa Mbuzi Jike. Wajumbe wake walikaa hotelini wakila nyama ya ng'ombe, ili wasiegemee upande wowote, na siku ya mwisho wakamwita Yoronimo.

"Daktari," akasema mwenyekiti, "hawa majike wanataka nini?"

Yoronimo akavua miwani. "Wanataka dume, mheshimiwa. Wamwone, wamsikie, wamnuse. Hasa wamnuse. Jike asiposikia harufu ya dume msimu unapofika, mwili wake hulala."

Mjumbe mmoja akauliza kwa uangalifu mkubwa, "Dume gani?" Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kujibu, macho yote yakapanda ukutani, ambako ilikuwa imetundikwa picha ya Baba Mlezi.

Kasole, aliyekuwa ameketi kando ya mwenyekiti, akatabasamu. "Daktari, nikuulize wewe uliyesoma. Katika nchi hii, yupo dume kumzidi Baba Mlezi?"

Yoronimo akasafisha miwani. Nataka msomaji ajiulize yeye angejibu nini mbele ya watu kumi na maofisa wawili wa usalama.

"Hakuna, mheshimiwa," akasema.

Basi ikaamriwa kila zizi litundikwe picha ya Baba Mlezi, usawa wa macho ya mbuzi. Kuhusu harufu, picha zilipuliziwa manukato anayotumia yeye mwenyewe, ambayo kwa bahati njema yalikuwa yakiuzwa katika duka la mke wa Kasole. Kila mfugaji alitakiwa kupulizia asubuhi na jioni. Mbugani yote ikanukia kama chumba cha harusi, na majike wakapiga chafya.

Kwa Nyemo picha ilitundikwa siku ya Jumatatu. Jumatano mkaguzi alipopita alikuta misumari minne na kipande cha kofia. Chini yake alisimama jike mwekundu, akitafuna kwa utulivu.

Kesi ilisikilizwa wiki hiyo hiyo, mbele ya hakimu aliyejulikana kwa kutopendelea.

"Mbuzi aliila picha kwa chuki au kwa mapenzi?" akauliza hakimu.

"Kwa chuki," akasema mwendesha mashtaka.

"Kwa njaa ya chumvi, mheshimiwa," akasema Nyemo kutoka kizimbani. "Mbuzi hula karatasi."

"Kwa hiyo unaiambia mahakama hii kwamba Baba Mlezi ni karatasi?"

Nyemo akafikiri. Alikuwa mwanamke wa kujibu kweli anapoulizwa, na hicho kilikuwa kilema chake cha maisha. "Ile ya kwangu ilikuwa karatasi," akasema.

Watu wakainamisha vichwa. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasoma uamuzi. Picha ilitundikwa ili mbuzi apate mimba, na mbuzi ameila. Akipata mimba, basi picha itakuwa imefanya kazi yake kwa njia ya tumbo, na mshtakiwa ataachiwa. Asipopata, mshtakiwa atakuwa amemharibu Mkuu wa Nchi kwa makusudi, na atafungwa maisha. Kesi ikaahirishwa mpaka mbuzi atakapotoa ushahidi. Nyemo akapelekwa mahabusu. Jike mwekundu, akiwa kielelezo, akakabidhiwa kwa bwana mifugo wa jimbo.

*

Yoronimo alikwenda kumwona dada yake. Walikaa pande mbili za wavu. Nyemo alikuwa amekonda, na mahabusu wenzake walikuwa wamemkata nywele kwa sababu ya chawa.

"Anaendeleaje mwekundu?" akauliza.

"Mzima."

"Hatashika mimba ya manukato, Yoro."

"Najua, dada."

"Najua kwamba unajua," akasema Nyemo. "Hilo ndilo linalonichosha."

Yoronimo alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa Kasole. Nampa haki yake: ile ndiyo siku pekee aliyokwenda pale bila kuitwa. Alikuwa amepanga maneno njiani, na aliyasema bila kushika miwani.

"Mheshimiwa, kuna siri ya kitaalamu. Majike wakitengwa na madume kwa muda mrefu, wasiwaone wala kuwanusa, halafu madume wakaletwa ghafla, majike wote huamka. Kundi zima, ndani ya siku chache. Kule kufungwa kwa madume hakukuwa hasara. Kulikuwa maandalizi."

Neno "maandalizi" lilimgusa Kasole. Akaweka chini kikombe. "Wote kwa pamoja?"

"Karibu wote."

"Kwa hiyo na kuzaa watazaa kwa pamoja?"

"Watazaa katika juma moja, mheshimiwa, miezi mitano baadaye. Mwezi wa sita tukiwafungulia, mvua zinapokatika, watazaa na mvua mpya, maziwa yatakuwa..."

Lakini Kasole alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuwa mbele ya kalenda, anarudi nyuma kwa kidole. "Mwezi wa tisa," akanong'ona. "Wa nane, wa saba, wa sita, wa tano, wa nne. Daktari! Tukiwafungulia mwezi wa nne, Jimbo la Mbugani litazaa Siku ya Uhuru!"

"Mheshimiwa, Siku ya Uhuru ni kiangazi. Hakuna jani wala maji. Mama hatakuwa na maziwa, na vitoto..."

"Sherehe haisogezwi kwa ajili ya majani."

"Watakufa, mheshimiwa."

"Watazaliwa kwanza," akasema Kasole, si kwa ukali, bali kama mtu anayemkumbusha mwenzake mpangilio wa ratiba. Kisha akaketi, akamtazama vizuri. "Dada yako anaendeleaje kule ndani?"

Yoronimo akavua miwani akaanza kuisafisha.

*

Mwezi wa nne mabeberu walisamehewa. Ilitangazwa kwamba wametubu, wamepewa mafunzo ya uzalendo, na kuanzia siku hiyo wataitwa Madume ya Taifa. Kuwaita kwa jina la zamani kukawa kosa. Walitoka hospitalini kwa gwaride, mbavu nje, wachache mno kuliko walioingia, wakiwa na utepe shingoni. Jemadari hakuwamo.

Siku zile upepo ulitoka kilimani. Harufu ilipoingia vijijini, majike waliokaa bila dume karibu miaka miwili waliinua vichwa kwa pamoja. Niliona kwa macho yangu. Hazikupita siku nyingi, Mbugani nzima ikawa inalia, zizi hadi zizi, mchana na usiku, na wataalamu wa redio wakarekodi sauti ile wakaiita wimbo wa umoja. Jike mwekundu alipandwa hadharani mbele ya karani wa mahakama, ambaye aliandika kwamba ushahidi umetolewa. Nyemo akaachiwa, akarudishiwa mbuzi wake.

Alifika kwake kwa miguu. Hakuingia ndani. Alisimama zizini akiwatazama majike wake wanavyohangaika, kisha akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Alipomaliza, akachukua miti minene akaanza kuziba lango.

Yoronimo alimkuta hapo. Alikuwa amekuja na mgambo watatu na dume mmoja mwenye utepe.

"Dada, fungua."

"Mwezi wa tisa, Yoro. Watazalia vumbini."

"Najua."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Uliwaambia kwa sauti?"

Mmoja wa mgambo akasema kwamba jike atakayekosa mimba atahesabiwa kuwa ameihujumu Siku ya Uhuru, yeye na mwenyewe.

"Dada, wakikurudisha mle safari hii hutatoka," akasema Yoronimo kwa sauti ya chini. "Nilifanya hivi kwa ajili yako."

"Basi nirudi mle," akasema Nyemo. "Mbuzi hawa mimi niliwalea. Wewe pia nilikulea. Ondoka na dume lako, mje tena mvua zikikatika."

Mgambo wakatazamana. Yoronimo aliwafahamu, alijua kitakachofuata wakianza wao. Akasogea, akamshika dada yake mabega, akamweka kando taratibu, kama mtu anavyosogeza kiti. Kisha akaing'oa miti mmoja mmoja kwa mikono yake mwenyewe, akafungua lango. Dume akaingia.

*

Kiangazi cha mwaka ule sitakieleza sana, kwa kuwa Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba hakikuwa kikali. Yoronimo aliandika kuomba pumba na mashudu kwa ajili ya majike wenye mimba. Alijibiwa kwamba fungu hilo limetumika kununua vitambaa vya kupamba jukwaa. Majike walikula magome, wakala nyasi za paa, wakala ile miiba ya zizi. Mwezi wa nane ulipoisha walikuwa matumbo yanayotembea.

Wakazaa. Hilo lazima nilikiri na kulisifu: walizaa kwa pamoja, wiki ile ile, kama ilivyopangwa. Waandishi wa takwimu walipita asubuhi wakiwa na chaki, wakiandika idadi ya waliozaliwa kwenye kila mlango. Jioni hawakupita. Vitoto vilisimama kwa miguu inayotetemeka, vikasukuma viwele vilivyonyauka kama mifuko mitupu, vikasukuma tena, vikalala. Mama hawakuwa na hata tone la dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi. Iliamriwa mizoga isitupwe kando ya barabara kuu atakakopita mgeni rasmi, na watu wakawa wanaizika nyuma ya nyumba, kwa majembe, kimya kimya, wakati redio ikisoma idadi ambayo nchi yetu haijapata kuifikia.

Zizini kwa Nyemo kilibaki kitoto kimoja, cha yule jike mwekundu. Nyemo alikinywesha uji mwepesi kwa kidole. Alfajiri ya Siku ya Uhuru watu wa itifaki walizunguka wakitafuta kitoto kizuri cha kubebwa na Baba Mlezi, wakakiona hicho. Kilikuwa cheupe, na kilikuwa bado kinaweza kushikilia kichwa. Wakakiogesha kwa maji baridi na sabuni, wakakipulizia manukato.

Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha kuunguza, Baba Mlezi akapanda jukwaani. Kasole kulia kwake, Yoronimo nyuma yake akiwa mtaalamu wa siku hiyo, kwenye suti aliyoazimwa. Nyemo aliketishwa safu ya mbele pamoja na wafugaji bora. Baba Mlezi akakipokea kitoto, akakikumbatia kifuani, kamera zikalia, na hotuba ikaanza.

Ilikuwa hotuba ndefu. Alieleza jinsi mabeberu walivyoshindwa. Alieleza jinsi yeye, kwa kuwapo kwake tu, alivyolifanya jimbo kame lizae. Katikati ya sehemu ya pili kitoto kilinyoosha miguu, kikafungua mdomo bila sauti, kisha kichwa kikaanguka kwenye mkono wake.

Safu yote ya mbele iliona. Baba Mlezi akakitazama.

"Mnaona?" akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole. "Mnaona alivyotulia? Hivi ndivyo taifa linavyotulia mikononi mwa mlezi wake."

Watu wakaanza kupiga makofi, lakini mshereheshaji akainua mkono haraka. "Taratibu, ndugu wananchi, mtamwamsha!" Basi uwanja mzima ukapiga makofi kwa vidole viwili viwili. Mimi pia nilipiga. Ni sauti ambayo sijapata kuisikia tena, kama manyunyu yanayoanguka kwenye mabati ya mbali.

Hapo ndipo Nyemo aliposimama. Hakupiga kelele. Alimtazama mdogo wake juu ya jukwaa, akasema kama wanavyosemezana ndugu nyumbani, "Yoro. Mwambie."

Baba Mlezi akasikia, akageuka. "Aniambie nini? Daktari, huyu ana nini?"

Akamkabidhi Yoronimo kile kitoto. Yoronimo akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevipokea vitoto vya mbuzi maisha yake yote, tangu akiwa na urefu wa jembe, akishikiwa taa na dada yake. Hakuhitaji kupima wala kusikiliza. Maofisa wawili walikuwa wamekwisha kusimama pande mbili za Nyemo.

"Amelala, mheshimiwa," akasema.

"Sikusikia."

"Amelala!" Vipaza sauti vikalipeleka neno hilo mpaka kwenye miembe ya mbali.

Baba Mlezi akacheka, Kasole akacheka, na hotuba ikaendelea kwa saa nzima nyingine, huku Yoronimo akiwa amekibeba kifuani na kukipapasa mgongo kila kamera ilipomgeukia. Wale maofisa walimkalisha Nyemo chini, na kwa kuwa siku ilikuwa njema hawakumfanya kitu.

Alasiri, sherehe ilipokwisha, Yoronimo alikwenda kwa dada yake. Alikuwa ameteuliwa kuwa mshauri wa Ikulu katika mambo ya uzazi wa mifugo. Kitoto alikuwa amekivingirisha ndani ya koti la suti ya watu. Zizini palikuwa patupu, lango wazi. Jike mwekundu alisimama nje akizungukazunguka na kuita.

Akabisha.

"Hodi, dada."

Alisikia mtu anasogeza sufuria ndani.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi. Yoronimo."

Sufuria ikatulia. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, na komeo la ndani likaingizwa mahali pake.

"Yoronimo amelala," ikasema sauti ya Nyemo.